Kiingereza cha Mamzeli

Kiingereza nilijifunza nikikunja bendeji. Sikukaa darasani wala sikupewa kitabu. Ilikuwa Kibua, katika Walikale, miaka ile ya vita vya wazungu, na bendeji hazikuja tena kutoka Ulaya. Tulichana mashuka makuukuu, tukayafua, tukayachemsha, tukayaanika. Kisha alasiri, mvua ikianza kupiga bati la disipanseri na wagonjwa wamekwisha kwenda zao, mimi na Mamzeli tuliketi barazani na kuvikunja vile vitambaa juu ya mapaja yetu. Yeye alikunja upesi kuliko mimi, na huku akikunja alisema.

Watu wote walimwita Mamzeli kwa sababu hakuwa na mume. Alikuwa muuguzi wa misheni, mrefu, mikono myekundu mpaka viwikoni, nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Alifika Kongo mwaka niliozaliwa mimi. Siku moja tulihesabu pamoja tukacheka. Alikuja na rafiki yake wa kike, mtu wa bonde moja naye, lakini yule rafiki alifariki kwa homa kabla mimi na mume wangu hatujafika Kibua. Tangu hapo hakuwa na mtu wa kusema naye lugha yake. Na maafisa wa serikali alisema Kifaransa, na wagonjwa Kiswahili, na wazee wa pale Kinyanga kidogo. Barua za kwao zilichukua miezi, na nyingine zilizama baharini pamoja na meli.

Mimi pia nilikuwa mgeni. Nimezaliwa Ngungu, kusini mwa Masisi, juu milimani. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na mwaka wa pili wa ndoa yetu wakubwa wa kanisa walimtuma porini. Tulishuka kwa miguu siku nyingi. Niliacha baridi, ukungu na mashamba ya maharagi, nikaingia mahali ambapo jua halifiki chini na nguo hazikauki. Wanawake wa Kibua walinipokea vizuri, wakaniletea ndizi na mafuta ya ngazi, yaani mawese, lakini kila nilipofungua kinywa walitazamana.

"Huyu mama iko nasema sawa vile muntu iko napanda mulima," mmoja wao alisema siku ya kwanza, na wenzake wakaanguka kicheko.

Nilicheka nao. Nyumbani nikalia. Mume wangu aliniuliza walichonitendea, nami sikuwa na jambo la kumwambia, maana hawakunitendea neno. Walisikia tu sauti yangu.

Nadhani Mamzeli aliliona hilo. Nilikuwa nimeanza kumsaidia disipanseri, kuosha watoto na kushika taa, na alasiri moja aliweka bendeji chini akanitazama.

"Mama mwalimu," alisema, maana hivyo ndivyo mke wa mwalimu anavyoitwa, "nitakufundisha kusema lugha ya kwetu."

"Kiingereza?"

"Kiingereza cha kwetu. Kile cha vitabuni kina watu wengi wa kukisema. Mimi nataka mtu wa kuzungumza naye. Nikikaa hivi, ulimi wangu utakufa kabla yangu."

Kwao kulikuwa kaskazini ya mbali ya Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti, bonde lenye kondoo wengi kuliko watu. Baba yake alichunga kondoo wa tajiri mmoja. Nyumba zao zilikuwa za mawe, na kuta za mawe zilipanda vilima bila udongo wa kuzishika. Nilipenda kusikia habari za vilima. Kibua hapakuwa na mahali pa kusimama uone mbali.

R ya kwao ilitoka kooni, kama mtu anayesukutua maji. Mwanzoni nilidhani ananisemesha Kifaransa, kwa sababu Wabelgiji nao walikuwa na r ya namna hiyo. Akanikatalia.

"Hii ni yetu tangu zamani. Ukitoka bondeni kwetu na kutembea siku chache kwenda kusini, huisikii tena. Wa huko wanatucheka. Wanasema tumemeza kitu na hakishuki."

Hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili. Huko Masisi tulimjua mtu wa mlima wa pili kabla hajamaliza salamu.

Basi nikajifunza. Maji yalikuwa *wata*. Nyumba ilikuwa *hus*. Mtoto alikuwa *bern*. Kwenda nyumbani kulikuwa *gan yem*. Alinirudisha mara kumi, mara ishirini, mpaka koo likaniwasha, na nilipopata sawasawa alipiga goti lake kwa mkono. Baada ya mwaka mmoja niliweza kumfuata. Baada ya miwili tulisengenya. Tulimsengenya karani wa serikali aliyekuja kuhesabu watu, na mke wa katekista aliyepika kuku akila mapaja yote peke yake jikoni. Mume wangu alipita akatusikia tunacheka, akasema tunalia kama vyura wawili.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa katika miaka hiyo, mikononi mwa Mamzeli. Alikuwa wa kiume. Aliishi siku tatu. Siku ya tatu asubuhi alikataa titi, na mchana alikuwa amekwisha kwenda. Wanawake wa Kibua waliniletea majani ya kuoga kufuata desturi yao, na mkubwa wao aliyachemsha kwenye chungu changu. Mamzeli aliingia, akaona, akageuza uso kuelekea ukutani mpaka walipomaliza. Hakukataza. Walipotoka aliketi nami mkekani, na miguu yake mirefu hakujua aiweke wapi. Hakusema maneno ya Biblia. Aliniita *hini*, neno ambalo watu wa kwao humwambia mtu wanayempenda, akalirudia tu, na mkono wake ulikuwa mgongoni kwangu. Nilikuwa sijawahi kulisikia, lakini sikuuliza maana.

Baadaye nilizaa wengine wanne, na wote waliishi. Lakini huyo wa kwanza tulimlilia kwa Kiingereza, na nadhani ndiyo sababu lugha ile iliniingia ndani kuliko lugha ya mgeni inavyopaswa kuingia.

Vita vilipokwisha, misheni ilimpa Mamzeli likizo ya mwaka mzima. Alikuwa hajaona kwao tangu kabla ya vita. Aliagana na kijiji kizima, akawapa watoto vifungo vya shati alivyovihifadhi kwenye kopo. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani, mahali gari la mizigo lilipomchukua.

Alirudi kabla ya miezi saba.

Nilifurahi, lakini nilipomwona akishuka garini nilijua kwamba kuna jambo. Alikuwa amekonda. Kisha alasiri moja ya mvua, tukiwa na vitambaa mapajani, alianza mwenyewe.

"Nilikwenda dukani kununua sindano," alisema. "Msichana wa dukani aliniuliza natoka nchi gani."

"Nchi gani vipi?"

"Ndivyo nami nilivyomjibu. Nilimwambia nimezaliwa nyuma ya kilima hiki hapa. Akaona haya. Akasema, samahani mama, nilidhani u mgeni. Una sauti ya Afrika, lakini maneno yako ni kama ya bibi yangu."

Alikunja bendeji moja mpaka mwisho.

"Vijana wamekwenda vitani, wamekaa na watu wa kila mahali, wamerudi na sauti nyingine. Watoto wanasikiliza redio na wanasema kama redio. Mdogo wangu wa kike ni mwalimu katika mji mkubwa wa kusini. Nilikaa kwake wiki sita. Wageni wake walipokuja alinisihi nisiseme sana."

"Mdogo wako? Mmezaliwa tumbo moja?"

"Tumbo moja. Tumelala kitanda kimoja. Sasa r yake imekwisha kabisa." Akaweka kidole kooni. "Bonde zima nilisikia wazee wawili tu wanaosema kama mimi. Mmoja wao ni kiziwi."

Alitaka kucheka hapo, lakini kicheko hakikutoka.

Nilimhurumia, ila nilimhurumia kwa mbali, kama unavyomhurumia mtu aliyefiwa na ndugu usiyemjua. Haukupita muda mrefu nami nikaletewa habari kwamba mama yangu ni mgonjwa, nikapanda kwenda Ngungu na mtoto mgongoni.

Nilikuwa sijafika huko kwa miaka minane. Baridi ilinipiga kifuani. Niliona mashamba mahali palipokuwa na msitu wa mianzi, na nyumba mpya nyingi. Watu walikuwa wameletwa kutoka Rwanda na kupewa viwanja, na watoto wao walicheza na watoto wetu njiani, maneno yamechanganyika mpaka sikujua hili ni la nani. Niliwasalimu kwa Kihunde, lugha yetu. Waliacha mchezo wakanitazama. Nilipokwisha kupita nilimsikia mmoja akiniigiza nyuma yangu, na wengine wakicheka.

Dada yangu mdogo alinipokea mlangoni. Tulikumbatiana, tukaanza kuongea wote wawili kwa pamoja, kisha yeye akanishika mabega.

"Kaza kusema," alisema.

"Niseme nini?"

"Kitu chochote. Dada, sauti yako imekuwa ya batu ba pori. Lakini maneno... Hii maneno yako iko ya zamani. Hapa hakuna muntu anasema vile tena. Watoto wangu hawatakusikia."

Kweli hawakunisikia vizuri. Mpwa wangu mkubwa aliniletea jiwe nilipomwomba kigoda.

Mama alikuwa amelala karibu na moto, macho yamefunikwa na utando, haoni. Nilipomwambia kwamba nimefika alinyoosha mkono hewani.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Binti yako wa Walikale."

"Sema tena."

Nikasema tena. Alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja, na nilimwona anatafuta. Nikaogopa kwamba atasema hanijui. Nikaanza kumwambia habari za njia, mito niliyovuka, watoto niliowaacha, neno lolote lililokuja, na polepole uso wake ulilegea.

"Njo wewe," alisema, yaani ndiwe hasa. "Ulipotea ndani ya ile sauti, lakini njo wewe."

Alikufa baada ya siku tano. Kwenye maombolezo wanawake walilia, na nilipoanza kulia mimi wale wa pembeni waligeuka kunitazama. Nilipunguza sauti. Nilimlilia mama yangu mdomo umefunikwa na kitambaa.

Niliporudi Kibua nilimweleza Mamzeli yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akachukua mkono wangu akaushika mapajani mwake kama bendeji. Siku hiyo tulikuwa kitu kimoja, yeye na mimi. Naandika hivyo kwa sababu ya yale niliyoyafanya baadaye.

Miaka miwili mitatu ikapita, misheni ikaleta mchungaji Mmarekani na mke wake. Walikuwa vijana na wema. Walileta mashine ya kushona, dawa mpya, na masanduku ya bendeji zilizokunjwa tayari, nyeupe kabisa, kila moja katika karatasi yake. Tangu hapo hatukuwa na sababu ya kuketi barazani alasiri.

Mke wa mchungaji alianzisha darasa la ushoni la wanawake. Kiswahili alikuwa bado hajui, akaambiwa kwamba mimi najua Kiingereza. Alifurahi sana. Nilisimama mbele yake nikasema maneno mawili matatu ya kumkaribisha. Macho yake yakawa makubwa, akacheka, akaniomba nirudie, akamwita mume wake aje asikie.

"Mama, hiki Kiingereza umekitoa wapi?" alisema. "Nusu yake siielewi. Na r hii ni ya Wafaransa!"

Hakuwa na ubaya. Alinifundisha kama alivyowafundisha wengine kushika sindano. Maji si *wata*, alisema, maji ni *wora*. Ulimi unakunjwa kurudi nyuma. Nyumba ni *haus*. Alinipa magazeti yenye picha. Wanawake wa Kibua waliona namna alivyonishika mkono mbele ya watu, wakaanza kuniheshimu kwa namna nyingine. Nilipenda. Nilifanya mazoezi nikiwa shambani, nikiwa mtoni, na koo langu lililoteseka miaka ile yote likapumzika. Katika miezi michache nilisema kama yeye, au karibu.

Siku moja mchana nilikuwa disipanseri na Mamzeli. Kulikuwa na mwanamke wa uchungu aliyekuwa ananong'ona Kinyanga, na Mamzeli, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kupungua, aliniuliza kwa Kiingereza mgonjwa anataka nini.

"Wora," nilimjibu.

Alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini.

"Sema tena," alisema.

Nilijua nimefanya nini. Ningeweza kusema lile neno la kwanza. Sijui ni kiburi, sijui ni aibu. Nilisema tena vile vile.

"Vizuri," alisema kwa Kiingereza. "Ni kizuri. Watu wengi watakusikia." Kisha akamgeukia mgonjwa, akamnywesha mwenyewe.

Tangu siku hiyo alinisemesha Kiswahili. Hakunikasirikia. Alinisalimu, aliuliza habari za watoto, alinipa kazi na kunishukuru, na yote kwa Kiswahili, kama mtu mwingine yeyote. Mara nyingi nilitaka kwenda nyumbani kwake nikakae naye. Kila mara nilijiambia nitakwenda kesho. Mume wangu aliniuliza mbona vyura wamenyamaza. Nilimwambia kazi ni nyingi.

Ikaendelea hivyo zaidi ya mwaka mmoja.

Kisha asubuhi moja mchungaji alikuja mbio mpaka shambani kwetu. Mamzeli ameanguka, alisema, upande mmoja wa mwili umelegea. Wametuma watu kwenda kutafuta daktari, lakini barabara ya Bukavu imekatwa na mvua. Anasema, na hawamwelewi.

"Anamwita mtu," alisema. "Tangu alfajiri anamwita. Kuna mtu hapa kijijini anayeitwa Ganyemu?"

Nilisimama na jembe mkononi.

"Hakuna mtu wa jina hilo," nilimwambia. "Anasema anataka kwenda nyumbani."

Kifaransa kilikuwa kimemtoka chote, na Kiswahili cha miaka thelathini, na hata kile Kiingereza cha kuwasemesha Wamarekani. Kilichobaki kilikuwa kile cha bondeni, kizito kuliko nilivyowahi kukisikia, na mdomo wake uliopinda ulikifanya kizito zaidi. Mke wa mchungaji alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, na kwa siku mbili nilitafsiri Kiingereza kwa Kiingereza. Anaomba mto uinuliwe. Anasema kuna theluji juu ya kilima na kondoo hawajateremshwa. Anauliza kama mlango umefungwa. Yule dada Mmarekani aliniuliza mara nyingi, "Umejuaje?" huku analia, maana yeye na mgonjwa walikuwa watu wa lugha moja na hakupata hata neno.

Nilimsemesha Mamzeli kwa lugha yake. Niliitafuta, ikaja, lakini haikuja yote. Katikati ya neno ulimi wangu ulijikunja wenyewe kwenda nyuma kama nilivyouzoeza, na kila ulipofanya hivyo alikunja uso kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye chakula. Nilijirekebisha. Nilisema polepole. Siku ya pili jioni nilipata sauti yangu ya zamani karibu yote, nikamwambia kuhusu karani wa serikali na mke wa katekista na mapaja ya kuku. Sijui kama alisikia. Macho yake yalikuwa juu yangu. Nilimwomba anisamehe. Aliniambia nikawatazame kondoo.

Siku ya tatu mchana alikufa. Tulimzika pembeni mwa rafiki yake.

Mdogo wake alikuja mwaka uliofuata. Alipanda ndege mpaka Bukavu, halafu gari la misheni. Alikuwa mwanamke wa mvi, kofia ya majani kichwani, viatu vimeharibika kwa matope ya kutoka barabarani tu. Alisema Kiingereza safi, kilichonyooka, kama cha redio. R haikuwemo hata kidogo. Mchungaji alimwonyesha kaburi, kisha akamleta kwangu, akamwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa na dada yake mwishoni.

Tuliketi kwenye baraza la disipanseri. Aliniuliza dada yake alisema nini. Sikutaka kumpa maneno yale kwa sauti nyingine. Kwa hiyo nilimwambia kama yalivyosemwa, na r yake kooni, habari za theluji, na mlango, na kwenda nyumbani.

Alivua kofia. Kwanza nilidhani nimemkosea.

"Endelea," alisema.

"Ndiyo hayo tu, mama."

"Basi sema kitu kingine. Chochote. Niambie leo umepika nini."

Nikamwambia nimepika sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia namna ya kutwanga yale majani, na chumvi, na mafuta, na moto ulivyonisumbua kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Machozi yalimtoka tu, hakuyafuta. Alisema hivyo ndivyo mama yao alivyosema jikoni, na bibi yao. Alisema bondeni hakuna tena anayesema hivyo, ila mzee mmoja. Kisha alifungua kinywa ili ajaribu mwenyewe. Nilimwona anaitafuta ile r, shingo imenyooka, mkono umeshika koo. Ilitoka kikohozi. Alijaribu mara tatu.

"Nilijitahidi sana kuitoa," alisema. "Shuleni walinipiga mpaka ikatoka."

Alikaa Kibua siku nne, na kila siku alikuja kwangu niongee. Niliongea nikimenya ndizi, niliongea nikiosha watoto. Siku ya mwisho aliniambia kwamba dada yake alimwandikia habari zangu kila mwaka, hata mwaka ule wa mwisho. Sikuthubutu kumuuliza aliandika nini.

Baada ya hapo Wamarekani walihamishwa, na mume wangu akarudishwa Ngungu kufundisha huko. Nikarudi kwenye baridi yangu. Watoto wangu walichekwa shuleni kwa lafudhi ya porini, kisha baada ya mwaka mmoja hawakuchekwa tena, maana walikuwa wameibadilisha. Mimi sikubadilika tena. Nilikuwa nimechoka.

Kiingereza sikuwa na mtu wa kusema naye. Nilikisema peke yangu shambani, mpaka mwanangu mkubwa akanisikia na kumwuliza baba yake kama mama ni mgonjwa. Nikaacha. Maneno ya theluji na kondoo yalitoka kwanza. Mengine yalifuata, sikujua lini. Nililitafuta moja, nikakuta mahali pake hakuna kitu.

Kisha barua ikaja kwa jina langu. Ilikuwa ya yule mdogo wake. Niliifungua kwa furaha, nikaketi nisome, na sikuweza. Nilijua kusoma Kiswahili, ambamo kila herufi ina sauti yake. Pale niliona herufi zimejaa bila mpango. Nilizitamka moja moja, na hakuna neno hata moja lililofanana na yale niliyoyajua. Mume wangu alijua Kifaransa tu. Niliikunja nikaiweka katika Biblia, na kila Jumapili niliitazama.

Mwishowe nilimpelekea mke wa Mbelgiji mmoja aliyekuwa na shamba la pareto upande wa pili wa kilima. Nilisikia kwamba alisoma Kiingereza ujanani. Alinikaribisha jikoni, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti. Aliitamka kwa namna yake ya Kibelgiji, nami nikashika neno hapa na neno pale. Kisha akanielezea kwa Kiswahili.

Yule mama alikuwa ameacha mji, amerudi bondeni kukaa katika nyumba ya wazazi. Alikwenda kwa yule mzee wa mwisho kila alasiri kumsikiliza. Mzee alikufa majira ya baridi. Anauliza habari za watoto. Anauliza kama bado nasema.

"Nimujibu nini?" aliuliza yule mama wa Kibelgiji, kalamu mkononi.

Nilifikiri kidogo. Dirishani niliona watu wake wakichuma maua meupe ya pareto.

"Mwambie watoto ni wazima," nilisema. "Mwambie nasema kila siku."

Aliandika, akanipa kalamu nitie jina langu chini. Nikaandika jina. Nilimshukuru, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikashika njia ya nyumbani, kwa sababu maharagi yalikuwa yamekauka na hapakuwa na mtu mwingine wa kuyapura.